Presha ya Mama Aliyeacha Kuzaa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya cha Luvungi, mkuu wa kituo alinikabidhi mashine ya presha kwa mikono miwili, kama mtu anayepokeza kitoto kichanga. Wauguzi tulimwita Titulaire, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

"Hii iko ya benye mimba," aliniambia. "Iko moja tu. Usiitembeze ku kila muntu."

Nikatii. Kila siku ya kliniki ya wajawazito nilifunga mkanda ule mkononi mwa mama, nikaujaza upepo, nikasikiliza mapigo, nikaandika namba kwenye fishi, kadi yake ya kliniki. Nilikuwa na sikio zuri, na nilijivunia. Lakini mama akishajifungua mtoto wake wa mwisho, fishi ilibaki kabatini. Hakuna aliyemwita tena.

Nilipohamishiwa Sange nilikuta desturi ni ile ile. Huko nilizoeana na Mama Furaha, mkulima wa mpunga, mwenye maneno makali na mikono isiyotulia. Watoto wake watatu wa mwisho niliwapokea mimi. Miaka ikapita, siku moja akamsindikiza binti yake Furaha, mwenye mimba. Nilipomaliza kumpima binti, mama akanisogelea.

"Minye nayo niko nachoka bure. Mugongo inauma, inapanda mpaka ku taya."

"Siku za mwezi bado unaziona?"

"Ziliisha zamani. Niko nasikia tu moto mu mwili."

"Basi njo ile, Mama Furaha. Njo buzee."

Nikausingizia uzee, nikampa vidonge vya maumivu. Mashine ilikuwa mezani, katikati yetu.

Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba moyo ni ugonjwa wa wanaume wenye matumbo. Wiki ile ile Mama Furaha aliletwa kwa pikipiki, jasho likimtoka, pumzi hazifiki. Nilimsindikiza mwenyewe hadi hospitali ya Uvira, nikimshika mkono njia nzima na kuogopa kumtazama usoni.

"Infirmière," daktari aliniuliza, "mbele ya leo tansiyo yake ilikuwa ngapi?"

Nikafungua fishi kutafuta presha yake. Namba ya mwisho ilikuwa ya mimba ya kitindamimba wake, ambaye wakati huo alikuwa ameshaanza kunyoa ndevu.

Daktari hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Alinieleza polepole kwamba ni moyo, ulioelemewa na presha. Mwanamke anayeona siku zake, ovari zake hutoa homoni iitwayo estrojeni. Homoni hiyo husaidia mishipa ya damu ibaki laini na itanuke damu inapopita, tena husaidia kupunguza mafuta mabaya yanayoganda ndani yake. Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka, mishipa huanza kukakamaa, na presha hupanda bila kelele. Si hilo peke yake, kwani chumvi, unene, sukari na urithi navyo vimo. Na moyo wa mwanamke si lazima umuume kifuani. Pengine husema kwa uchovu, mgongo au taya. Kumbe sisi tulikuwa tunaifungia mashine pale pale mama anapoanza kuihitaji.

Mama Furaha alipona. Siku alipoweza kuketi kitandani, alinitazama sana.

"Weye ulikuwa unanipima ku kila mimba. Niliacha kuzaa, ukafikiri moyo nayo imeacha kazi?"

Nikanyoosha shuka lake, ingawa lilikuwa limenyooka.

Niliporudi Sange nilimwambia Titulaire wa huko kwamba kuanzia sasa nawapima hata wanaosindikiza.

"Tutamaliza saa ngapi?"

"Saa tutakayomaliza."

Alinung'unika mwezi mzima, kisha akamleta mama yake mzazi.

Sasa nimestaafu, nakaa Uvira. Wauguzi vijana huja kunisalimia, wakisema mimi ndiye niliyeanzisha jambo hili jema. Sifa hizo hazinikai vizuri. Mama Furaha aliishi miaka kadhaa na moyo uliochoka, akimeza vidonge kila asubuhi. Hakuweza tena kuinama kupanda mpunga. Aliketi ukingoni mwa shamba akiwaelekeza wengine, mpaka pumzi imkatike, kisha anabaki kuangalia miche ikipandwa ovyo. Daktari alimrudishia uhai wake. Shamba nilimnyang'anya mimi, kwa uvivu wa dakika tano, naye alikufa kabla sijamwambia hivyo.