Kimondo cha Mpakani

Safari hii ilianzia ndani ya redio ya mtu. Nilikuwa kibandani kwangu Keroka, miaka ile ambayo watu walikuwa wametoka mwezini na kila mlevi wa soko alikuwa na maoni juu ya jambo hilo. Nikaunga waya wa redio ya mteja, ikakohoa, ikaanza kusema. Bwana mmoja alikuwa akieleza kwamba kuna mawe huanguka kutoka angani, yanaitwa vimondo, na kwamba yeyote mwenye sumaku na miguu mizima anaweza kuyatafuta. Nikaweka koleo chini. Wenzetu wamemaliza mali ya dunia kwenda kuokota mawe mwezini, kumbe mengine yanajileta yenyewe bila nauli! Sumaku nilikuwa nazo tele, nazitoa kwenye spika zilizokufa. Miguu nayo nilikuwa nayo. Mke wangu huisifu kwa jinsi inavyokimbia kazi ya shamba.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya aibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mtaka cha mbinguni, niligundua, huinama zaidi. Niliinama kila kichochoro cha Keroka na sumaku yangu kwenye uzi, nikakusanya mabaki ya chuma ya mhunzi, donge la lami, na kipande kizito cheusi nilichokipenda sana. Nyakundi, mwenye bucha jirani, alikipindua mara moja tu.

"Fundi, hii ni breki ya lori," akasema. "Labda hiyo lori ndiyo ilianguka kutoka mbinguni."

Mke wangu hakucheka. "Baba Kemunto," alisema, "watu wakiniuliza unatafuta nini huko chini, nitawaambia wewe ni mgonjwa."

Ndipo akaja Momanyi, mkulima wa chai kutoka upande wa Magwagwa, kuleta redio iliyonyamaza. Aliona mawe yangu dirishani, akasema yote ni takataka, kwao liko la kweli. Akanieleza. Baba yao alipofariki, yeye na mdogo wake Ombati waligombania ukanda wa migomba ulio kati ya nyumba zao, hata wakashikiana panga. Ombati ana kovu mkononi la siku hiyo. Kisha jioni moja mwanga ukapita juu ya kilima, ukafuatwa na ngurumo bila mvua. Asubuhi wakakuta jiwe jeusi limekaa katikati ya ule ukanda, wasiloliona kamwe hapo kabla. Wakasema Nyasae, Mungu mwenyewe, amepima. Kila mmoja akarudi upande wake, na watu wa kupima ardhi walipokuja, waliwakuta ndugu wamekwisha patana. Ua ukapandwa kwa kulifuata jiwe.

Mpango wangu ulikuwa rahisi na wa kijinga. Ningembembeleza Momanyi anipe jiwe, niwawekee nguzo ya saruji mahali pake. Nikamtangazia Nyakundi kwamba nitarudi na kipande cha mbingu.

"Ukirudi na breki ingine," akajibu, "tafuta lori ufunge."

Ijumaa asubuhi niliondoka Keroka kwa baiskeli. Naomba msomaji asinionee wivu. Milima ya kwetu haijui kwamba baiskeli ni kitu cha kupandwa. Kabla ya kufika Nyamira ilikuwa imenipanda mimi mara kadhaa, nikiwa nimeibeba begani kama mchungaji aliyempata kondoo wake.

Adhuhuri, Nyamira, niliingia hotelini kunywa chai. Mwenye hoteli aliona sumaku inaning'inia shingoni mwangu.

"Hii ni dawa ya nini, tata?"

"Ya mawe."

"Mawe ya figo?"

Nikasema ndiyo, ili nile mandazi yangu kwa amani. Nilipomaliza, akaniomba nimguse kidogo kiunoni nayo. Nilimgusa. Alidai amepata nafuu, na hakutaka kupokea pesa ya chai.

Kutoka hapo barabara ya murram inashuka na kupanda, chai upande huu, migomba upande ule, na kila unayempita anakuuliza unakwenda kwa nani. Nilijibu watu wengi kiasi kwamba jioni, Magwagwa ilipoanza kuonekana, habari zangu zilikuwa zimenitangulia kufika.

Jua lilikuwa linazama nilipoegemeza baiskeli kwenye ukuta wa Momanyi, na hapo ndipo nilipojua nimekosea siku. Momanyi ni Msabato. Mimi ni Mkatoliki mzembe, sikukumbuka kwamba Ijumaa jua likizama, Sabato imeingia. Walikuwa wanaimba. Nilipofungua kinywa niseme habari ya jiwe, aliinua kiganja.

"Fundi, mambo ya shamba ni kesho jua likitua. Sasa karibu tuombe."

Jumamosi nilikaa kanisani asubuhi na mchana, sumaku ikiwa mfukoni kama dhambi. Kando yangu aliketi mama yao Momanyi na Ombati, mwanamke mdogo wa mwili, mwenye shingo nene ya mtu aliyebeba maji maisha yake yote. Aliimba kwa sauti kubwa. Jua lilipotua, nikamkimbilia Momanyi.

"Twende kwa jiwe."

"Bila Ombati? Jiwe ni la mpaka. Tunakwenda wote wawili au hatuendi."

Jumapili, basi, tukamngoja Ombati, kwa sababu Ombati ni Mkatoliki na alikuwa misani. Nilipokwenda kumfuata huko, nani nimwone kwenye benchi la mbele? Mama yao tena, anaimba vilevile. Nilipomuuliza dini yake ni ipi, alinitazama kama mtu aliyemuuliza swali la kitoto. "Nina watoto wawili," akasema.

Alasiri tukasimama mpakani, nyumba zote mbili zimetoka nje. Jiwe lilikuwa pale, uzito wa debe la mahindi, jeusi, lenye vishimo laini kama udongo uliobonyezwa kwa kidole gumba. Nililitamani papo hapo. Kisha nikaona Ombati ameshika jembe.

"Fundi, nimesikia una chombo cha kujua," alisema. "Kaka yangu anasema hili lilitoka kwa Nyasae. Mimi siku hizi nasema alilivingirisha mwenyewe kutoka mtoni ili anipunje. Pima. Chombo kikikataa, naling'oa sasa hivi, na upande huo nitausogelea mpaka niridhike."

"Liguse uone," alisema Momanyi. Naye alikuwa na panga. Alidai ni ya kukatia majani ya ng'ombe, lakini sikuona ng'ombe.

Nilikuwa nimekuja kuomba jiwe, nikajikuta nimekuwa hakimu. Na shetani hakukawia. Aliniambia: sema ni jiwe la mtoni. Ombati ataling'oa, atalitupa, nawe utalifunga kwenye baiskeli uende zako Keroka ukamzibe Nyakundi mdomo. Nikalitazama kovu la Ombati, nikaitazama panga ya Momanyi, nikaona kwamba nikisema neno hilo nitaondoka na kimondo na nyuma yangu kutabaki maiti. Mama yao hakuwa analitazama jiwe. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikateremsha sumaku kwenye uzi. Ikayumba, ikavutwa, ikagonga, ikang'ang'ania jiwe kama kupe.

"Limetoka juu," nikasema, na sauti yangu ilitetemeka kwa sababu mbili tofauti. "Sijawahi kuona la kweli kabla ya hili. Hakuna mtu aliyelitengeneza, wala halikutoka mtoni."

Ombati aliachia jembe likaanguka. Akainama, akalipapasa lile jiwe kama mtu anayemwomba radhi ng'ombe aliyempiga bure. Momanyi alirudisha panga nyumbani, na hakuzungumzia tena majani.

Hapo ilifaa ninyamaze. Lakini mwanafunzi wa jambo lolote ana ugonjwa wa kuonyesha anachojua. Jiwe zito namna ile likitoka angani haliwezi kukaa juu ya nyasi kama kuku anayetaga, huchimba ardhi. Nikatazama chini, nikatazama pembeni, nikasema, "Lakini shimo lake..."

"Fundi!" mama aliita. "Chakula kinapoa!"

Tulipofika jikoni, moto ulikuwa haujawashwa.

Jumatatu asubuhi, baada ya kushibishwa ugali wa wimbi na mboga za chinsaga na nyumba zote mbili, niliaga. Mama alisema atanisindikiza mwenyewe, vijana wabaki. Tulishuka bondeni, mimi nikikokota baiskeli, mpaka penye nduma zake kando ya kijito.

"Jana ulitaka kuuliza nini, momura?"

"Shimo, mama. Liko wapi?"

"Unalikanyaga."

Nikaruka kando. Palikuwa na bonde dogo la matope, nduma zimeota ndani yake zimenona kuliko zote.

"Lilianguka hapa," alisema. "Nilipokuja alfajiri kuona lililonguruma, nililikuta humu limezama. Nililia. Nduma zangu zote! Kisha nikakumbuka wale walio juu na panga zao. Nilikuwa nimemwomba Nyasae mwaka mzima awaamulie wanangu. Basi nikajua ametuma, ila Nyasae ana kazi nyingi, alikosea kidogo. Nikasokota ngata ya majani ya mgomba, nikajitwika."

"Mpaka kule juu? Peke yako?"

"Ningemwita nani anitwike? Momanyi au Ombati?" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Yeye alirusha. Mimi nilimsaidia shabaha."

Nilikuwa nimeshindwa kuipandisha baiskeli kilima kama kile bila kulaani, na baiskeli ina magurudumu.

"Na ukaliweka katikati kabisa," nikasema.

Akaangalia juu kilimani kwanza, kuona kama kuna anayesikia. "Karibu na katikati. Nilisogea kidogo upande wa Momanyi. Ombati ana watoto wengi."

Ombati! Yule yule wa jembe, aliyetaka kung'oa jiwe kwa kuwa linampunja! Nilikaa kwenye majani nikacheka na machozi yakanitoka. Mama aliningoja nimalize, kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Nikiwa hai, usiseme. Nikizikwa, sema siku wakihitaji kusikia."

Niliapa. Ndipo akaniruhusu nipitishe sumaku kwenye matope yake, nisivunje nduma. Nilitafuta mpaka magoti yakafa ganzi. Nilipoinua sumaku mara ya mwisho, ilikuwa imeshika kipande cheusi kisichozidi punje ya maharagwe. Nilikifunga kwenye leso nikaanza kupanda kilima, na njia nzima sikuikumbuka baiskeli kwamba ni nzito.

Keroka nilifika nimechoka. Nyakundi alikitia kipande changu kiganjani, akaleta sumaku karibu, kikaruka. Akakiondoa, akajaribu tena, kikaruka tena.

"Umeitoa wapi?" aliuliza mwishowe.

"Kwenye nduma za mama mmoja."

Bucha nzima ilicheka, wakadhani natania. Mke wangu aliuliza kama kweli nimelala nje siku zote hizo kwa ajili ya punje, lakini ndiye aliyeitafutia chupa tupu ya dawa na kuiweka kabatini.

Tangu hapo nimejifunza kwamba wakusanyaji wa vimondo wana sheria moja kuu: andika mahali jiwe lilipoangukia, maana jiwe lisilo na mahali ni nusu jiwe. Chupa yangu haina maandishi hata leo. Nilikwenda nikiamini utaalamu ni sumaku. Kumbe sumaku hata mtoto ataishika. Kilichokaribia kunishinda ni kufunga mdomo mbele ya shimo lisilokuwepo.

Na kama nimeufungua leo, ni kwa idhini. Yule mama tulimzika. Juzi Momanyi ameniletea redio tena, akaniambia Ombati amelichukua jembe, anasema jiwe au si jiwe, mpaka ule ulimpunja tangu mwanzo. Majina yao nimeyabadili, na kilima sikukitaja, lakini wenyewe watajijua. Momanyi, wewe washa redio yako, maneno haya yaliyobaki si yako.

Ombati, weka jembe chini. Mama yako alijitwika jiwe lile kutoka kijitoni kabla hamjaamka, akapanda nalo kilima kizima. Alipofika katikati ya migomba, shingo inauma, angeweza kulitua. Hakulitua. Alipiga hatua chache zaidi, kwa ajili yako.