Ng'ombe Aliyelinda Kompyuta

Kompyuta yetu ya kwanza niliinunua baada ya kulipwa bonasi ya mwaka ya majani chai yetu, nikaiweka sebuleni pale Kapsoit, karibu na simu, maana intaneti ilipitia waya wake. Nilitaka kununua na kuuza hisa za ng'ambo kupitia intaneti, jambo ambalo mke wangu aliliona kuwa kamari tu. Nilijitahidi kuikinga. Niliweka programu ya kuua virusi, nikawa nachomoa waya wa simu kila nikimaliza, na neno la siri likawa jina la ng'ombe wetu. Mwizi gani wa Ulaya angelijua?

Kesho yake asubuhi mke wangu alienda kukamua. Kama kawaida, alisimama bomani akaliita lile jina kwa sauti, mpaka wachuma chai wa upande ule wa mto wakasikia. Nilitoka mbio nikamfokea kwamba anatangaza siri yangu.

"Sasa nimwiteje?" akafoka pia. "Asiposikia jina lake, hashushi maziwa!"

Ndipo akaniambia neno la siri liwe jina la ng'ombe tutakayemnunua faida ikipatikana. Akaninong'oneza jina lenyewe sikioni. Kumbe alikuwa ameshalichagua.