Doa la Jabali Jeupe

Oddny aliwapikia watoto wa shule yetu supu ya samaki na viazi kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtu aliyewahi kumsifu kwa hilo. Sifa zake zote zilitoka kwenye jiwe. Alikuwa dada mkubwa wa mke wangu Gudveig, hakuolewa wala hakuzaa, na dukani walizoea kumtania: "Oddny, mumeo jabali hajambo?" Naye hujibu bila hata kugeuka, "Hajambo, tena hanywi kama wako."

Jabali lenyewe lilikuwa la mawe ya chokaa, jeupe, pale barabara yetu inapobanana na maji, na zamani ilikata kona kali. Kituo cha basi kilikuwa hapo hapo. Oddny alisubiri basi kila alasiri, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kupiga soga, alianza kuutazama mwamba. Akaona mabaka ya manjano, ya kijivu, meusi. Sisi wengine tuliyaita uchafu. Yeye alinunua kioo cha kukuzia, akaagiza vitabu, akajifunza kwamba zile ni likeni, kuvu na mwani walioshikamana wakawa kiumbe kimoja, na kwamba nyingine hazioti popote ila kwenye chokaa. Sijui ni Jumapili ngapi nilikunywa kahawa yangu ikiwa imepoa kwa sababu ya habari hizo.

Halafu siku moja ya Septemba aliona doa lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Lilikuwa jeupe, limezama ndani ya jiwe, na vitone vyeusi juu yake. Likeni ya namna hiyo huwezi kuitoa kwa kisu, kwa maana mwili wake unaishi ndani ya jiwe lenyewe. Alichukua nyundo na tindo, akabandua kipande, akakipeleka makumbusho ya mjini ndani ya bahasha. Miezi miwili baadaye wakamwandikia kwamba likeni hiyo haikuwa imeonekana nchini kwa zaidi ya miaka tisini. Nusu ya kipande walibaki nayo, na kwenye kadi wakaandika jina la Oddny. Nusu nyingine walimrudishia. Gudveig alioka keki ya krimu, na yule mpishi wa shule, mwanamke mgumu vile, alilia mezani kwetu kwa furaha.

Tangu hapo kila baada ya miaka mitatu makumbusho walimletea fomu ya kumuuliza kama ile likeni bado ipo. Aliijaza siku hiyo hiyo: Ipo. Hali nzuri.

Halmashauri ilipotaka kulilipua jabali ili kuinyosha kona, walizitazama fomu zile, na kwa kuwa sheria inalinda viumbe adimu, mpango ukafungwa. Watu walichukia. Arnfinn, dereva wa basi, alimfokea Oddny mbele ya kaunta ya samaki: "Kona itatumaliza sisi, wewe unalinda koga ya mawe!" Nami nilimtetea. Nilisema mengi siku ile, na mengine yalikuwa ya kejeli.

Februari ya mwaka uliofuata Gudveig alikuwa akitoka kazini. Barabara ilikuwa barafu tupu. Pale konani gari lake likateleza, likavunja kizuizi na kuangukia mawe ya ufukweni. Nyonga yake ilivunjika mahali pawili. Mke wangu alikuwa mcheza dansi, watu walimpisha ukumbini. Leo anatembea na fimbo, na akishuka ngazi huniomba nitazame kwingine. Oddny alihamia kwetu miezi mitatu, akamwogesha, akamlisha, akamfulia. Nilishangaa tu kwamba hakuwahi kumtazama mdogo wake usoni.

Miaka ikapita, na mpango wa barabara ukafufuliwa. Safari hii hawakutaka fomu. Mtaalamu angekuja Alhamisi, mwezi wa Juni, aione likeni kwa macho yake. Jumanne Oddny akanipigia simu.

"Shemeji, njoo jabalini na ngazi. Gudveig usimwambie."

Nilimkuta amesimama kwenye manyunyu, mkono mmoja una bahasha, mwingine una gundi.

"Gundi ya nini?"

"Ya kurudishia."

"Kurudishia nini? Hebu sema kinachoeleweka, Oddny."

Akanipa kioo na kile kipande alichorudishiwa na makumbusho, nikakitazama. Vitone vyeusi kwenye weupe, basi.

"Ilikuwa moja tu," akasema. "Niliona nyingine juu zaidi, nikadhani zinatosha, nikaichukua yote. Jibu la makumbusho lilipokuja nikapanda kutazama vizuri. Zile za juu sizo, Eilif. Ni za kawaida tu, hata ukuta wa kanisa zimejaa."

Kanuni ya kwanza ya kazi ile, aliyonihubiria mimi mara mia, ni kwamba iliyo peke yake haiguswi.

"Kwa hiyo zile fomu..."

"Uongo."

"Zote?"

"Zote. Miaka kumi na tisa."

Damu ilinipanda kichwani. "Kona ile waliiacha kwa ajili ya shimo! Mdogo wako kavunjika kwa ajili ya shimo, Oddny! Na wewe unakuja kwangu unamwogesha, unajifanya malaika!"

"Unadhani sijui? Kila nikiisikia ile fimbo sakafuni, unadhani sijui?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba kitu kimoja nilichowahi kukipata duniani nimekiua kwa mkono wangu?"

Nikamnyang'anya gundi. "Hutabandika kitu hapa. Umeshadanganya vya kutosha. Leo utamwambia Gudveig, na Alhamisi utamwambia huyo mtaalamu."

"Sawa," akasema upesi, kana kwamba kwa miaka yote hiyo alimngoja mtu wa kumwamuru. "Lakini panda kwanza, nitazamie lile kovu likoje. Macho yangu yana ukungu siku hizi, na nataka nimwonyeshe mahali penyewe."

Nilipanda. Kovu lilikuwa pale, alama za tindo bado zinaonekana. Nikaliweka chini ya kioo, na kwenye ukingo wa chini nikaona kitu kidogo kuliko kichwa cha pini. Kilikuwa cheupe, kimezama kwenye jiwe, na vitone vinne vyeusi. Nilikuwa nimetoka kuvitazama vitone kama vile dakika chache tu nyuma. Mizizi yake, au chochote alichokiita, ilikuwa imebaki mle ndani ya jiwe, na kwa miaka kumi na tisa likeni ile ilikuwa ikijirudisha yenyewe polepole. Zile fomu zilikuwa za kweli. Ipo.

"Unaona nini?" aliuliza kutoka chini.

Nilimfikiria Gudveig kwenye ngazi za nyumbani. Nilifikiria kona ile kubaki miaka mingine ishirini, na watoto wa shule ndani ya basi la Arnfinn. Haya nayasema sasa. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira, na nilitaka jabali lile liondoke machoni pangu. Nikatoa ufunguo wa gari mfukoni, nikakwangua mpaka unga mweupe ukaniangukia kwenye kiatu.

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Jiwe tupu."

"Nilijua," akasema. "Asante kwa kutazama, shemeji."

Jioni hiyo alimwambia Gudveig jikoni kwetu. "Ungeniambia nikiwa hospitali," Gudveig akasema, "ningekuchukia mwaka mzima, halafu yangeisha. Sasa nianze lini?" Kisha akammiminia kahawa, akatoka nje.

Alhamisi Oddny alimkabidhi mtaalamu ile bahasha, akajieleza bila kujitetea. Mtaalamu, binti kijana, alilitazama kovu, akaandika. Jabali lililipuliwa Septemba. Dukani waliacha kumtania, na hilo nadhani lilimuuma kuliko kelele zote za Arnfinn.

Aliishi miaka minne zaidi. Kioo chake alikifungia kabatini. Gudveig alimsamehe, kidogo kidogo, lakini yeye hakujisamehe. Kila Jumapili, kahawa ikishamiminwa, kulikuja wakati wake wa kusema, "Ilikuwa ya mwisho, nami niliiua." Gudveig alimshika mkono. Mimi nilikata keki.

Tumemzika Machi hii. Mchungaji aliniomba niseme maneno machache, nami nikasimama mbele ya watu wote nikaisifu supu yake.

Barabara sasa imenyooka. Gudveig huendesha mwenyewe, na tukifika palipokuwa na kona hupiga honi mara moja kumsalimia dada yake. Halafu hunigeukia na kuniuliza kama na mimi nimemsamehe.