Jiko la Kusomwa kwa Vidole

Bibi Kopo aliwapikia wanafunzi wa bweni miaka thelathini na moja, na sahani hazikuwahi kurudi na chakula. Waulizwe wanaojua kula. Msimulizi huyu atajibu wa kwanza, kijiko kiko mfukoni. Kilichomwangusha ni macho. Ugonjwa uliyala polepole kama panya alavyo gunia: kona hii leo, kona ile kesho. Daktari hakuzunguka. Alimwambia mwaka hautaisha kabla nuru haijaisha.

Mwingine angelala chini alie. Yeye alirudi nyumbani akaanza kukusanya makopo.

Ndipo alipopata jina. Wenye akili zao, wale waliosoma mpaka shule ikawachoka, walisema mama wa watu keshachanganyikiwa: anaokota chupa za jemu, anaosha pakiti za maziwa na kuzianika kama nguo za mtoto mchanga. Kumbe alikuwa anaandika kitabu cha kusomwa gizani. Kopo la kakao likawa la sukari, mfuniko akautoboa kwa msumari tundu moja, ncha za bati zikitazama juu zimguse kidole. Kopo la maziwa ya unga likawa la chumvi, matundu mawili. Chupa ya jemu iliyovikwa mpira mmoja shingoni ilikuwa ya majani ya chai. Yenye miwili, ya pilipili. Vikopo vya nyanya alivisimamisha kwenye trei ya mayai ili visihame, cha kwanza iliki, cha pili mdalasini. Pakiti za maziwa alizikata utepe, akasuka kamba iliyotoka kitandani kwake ikapita jikoni ikaishia chooni. Na ile dawa ya kuzibulia sinki, chembe nyeupe pacha wa chumvi, aliitia kwenye kopo la mafuta, akalizungushia waya wenye miba na kuliweka nje ya mlango wa nyuma.

"Anayegusa waya huu," alimwambia mwanawe, "ajue kagusa kaburi."

Nuru ilipozimika alipika wali na maharage, na punje moja haikudondoka.

Mwanawe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kulala kwake mara mbili kwa mwezi. Mkewe alikuwa karani wa mapokezi, na tuelewane mapema: hadithi za wakwe zimejaa wachawi, huyu hakuwamo. Alimkata mama mkwe kucha, alimsuka nywele. Ugonjwa wake ulikuwa aibu. Wenzake wa kazini walikuwa waje Jumamosi, naye akilitazama jiko lile la kutu na mipira aliona kama ni yeye kavuliwa nguo.

Ijumaa, dereva alipompeleka mama yake kliniki, mkaza mwana akakunja mikono ya blauzi. Alinunua mikebe kumi na minne ya plastiki, yote sawa kama askari wa gwaride. Akamimina kila kitu. Kopo la waya lilikuwa limeoza kwa kutu, naye hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu: dawa, aliyoidhani chumvi ya akiba, ikaingia mkebe wa kumi na nne, ukapanda rafuni pamoja na wenzake. Alitaka kuandika majina. Peni ikakataa plastiki. Akasema atanunua nyingine kesho. Saa sita lori la taka likapita, likabeba yote.

Bibi alirudi alasiri. Akashika kamba mpaka jikoni, akanyoosha mkono rafuni, akapapasa mfuniko mmoja, wa pili, wa tatu. Laini tupu.

"Nani kaingia humu?"

"Mimi, Mama. Nimekupangia jiko. Mikebe mipya, inaonyesha mpaka ndani. Huhitaji hata kufungua."

Maneno yakishatoka hayarudi. Mkaza mwana alishika mdomo.

"Inaonyesha," Bibi akasema. "Hongera, mwanangu. Nionyeshe na mimi."

"Nitakuwa nakuelekeza, Mama."

"Na ukiwa kazini, nimwulize mkebe?"

"Basi usipike. Umepika vya kutosha, pumzika."

"Kupumzika nitapumzika, tena nitapelekwa nimebebwa. Leo napika."

"Mama, kaa kwanza," dereva akasema.

"Kaa wewe. Kazi yako tangu huna meno ni kukaa na kula."

Dereva akacheka, akaenda kuegesha lori vizuri. Simu ya mkaza mwana ikalia, akatoka nayo uani. Bibi akabaki na mikebe kumi na minne na njia ya wapishi wote: lowesha kidole, chovya, onja. Sukari. Unga. Majani. Mkebe uliofuata ulikuwa na chembe kavu, nzito kidogo. Chumvi, alijiambia. Akaonja kama alivyozoea, kwa ulimi mzima.

Walimkuta ameinamia sinki, bomba wazi, maji yanapita kinywani na kutoka mekundu.

Wiki tatu hospitali, uji kwa mrija. Madaktari walisema ana bahati hakumeza. Ulimi ukapona kama kidonda kinavyopona, ukabaki kovu. Sukari kwake ikawa mchanga, limau likawa maji.

Mkaza mwana alishinda jalalani siku mbili, akarudi mikono mitupu. Akanunua kakao na maziwa, akavimwaga kwenye beseni, akatoboa mifuniko mwenyewe mpaka akajichoma dole gumba.

"Mama, sukari tundu moja au mawili?"

"Moja."

Walilirudisha jiko lote hivyo, kopo kwa kopo. Siku ilipokamilika Bibi akapika maharage. Alitia chumvi, akasita, asijue ameshatia mara ngapi. Zamani ulimi ungemwambia.

Mezani akauliza, "Chumvi vipi?"

"Imekolea, Mama. Kama siku zote."

"Barabarani sipati chakula hiki," dereva akaongeza.

Bibi alisikia jagi likimimina maji kwenye glasi ya mwanawe. Kisha kwenye glasi ya mkaza mwana. Kisha ya mwanawe tena, na tena, mpaka jagi likakwangua mwisho wake na mtu akainuka kwenda bombani.

Akaweka kijiko chini.

"Kesho pika wewe," akamwambia mkaza mwana.

"Mama, kwani—"

"Pika wewe. Mimi nitachambua mchele."