Sikio la Nagi

Mzee Orikasa alichora filamu za katuni katika studio moja hapa mtaani Nerima tangu ujana wake. Yeye ndiye aliyebuni sura za wahusika, kisha akawasimamia wachoraji wengine, ili msichana aliyechorwa na mikono mingi aonekane mtu mmoja. Alikuwa akilaza karatasi nyembamba ya manjano juu ya mchoro wa mwenzake na kuchora upya palipoharibika.

Mimi nilipaka michoro rangi katika studio hiyohiyo tangu nilipoacha shule, hadi kompyuta zilipokuja nikapewa ufagio. Jina langu halikuwahi kuandikwa mwishoni mwa filamu. Bosi wa studio alisema nafasi haitoshi. Orikasa peke yake ndiye aliyeniletea tonge la wali asubuhi. "Dada Fusa, kula kwanza. Hasira baadaye."

Filamu yake ya mwisho ilimhusu Nagi, binti wa muuza tofu, ile jibini ya soya, mwenye sikio lililopinda kidogo kama la mama yake Orikasa. Katikati ya kazi mkono ukaanza kumtetemeka. Bosi akamwambia kwamba akishindwa kusahihisha, Nagi atapewa mbunifu mwingine.

"Sikio lile watalinyoosha," Orikasa aliniambia. Siku hiyo hakula.

Mitsue, mchoraji wa meza ya jirani, alisikia. Miaka yote Orikasa alikuwa akimrudishia kazi airudie.

"Mitsue, hiki ni kiazi au binti?"

"Kiazi, Mwalimu, ila kimemenywa vizuri."

Sasa aliacha mzaha. Alimchora Nagi hata pembezoni mwa magazeti, akawafundisha wenzake sikio lile mpaka wakamchoka.

Alipompelekea Orikasa michoro ya mwisho, mzee alilaza karatasi ya manjano, akainua penseli. Ikatetemeka hewani. Niliacha kufagia. Akaitazama michoro mmoja mmoja, kisha akaweka penseli chini na kugonga muhuri wake wa kuikubali kazi, ukakaa upande.

"Na sikio, Mwalimu?"

"Hata sikio. Leo umeninyima kazi."

"Nirudishie basi, nikuharibie kidogo."

Mzee akacheka, akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu.

Siku ya kuonyeshwa filamu nilikaa kando yake. Nagi alitokea na sikio lake, limepinda vilevile. Mwishoni likapita jina la Orikasa, likafuata la Mitsue. Langu sikulitafuta. Mkono wa mzee ulikuwa ukitetemeka kwenye kiti, nikaushika mpaka taa zikawashwa.