Kiazi Alichonichemshia Kukhu

Harufu ya viazi vitamu vikichemka asubuhi hunirudisha mbio hadi Khayega, jikoni kwa Kukhu, nyanya yangu aliyenilea. Msinicheke, jamani, lakini hadi leo moyo hunidunda nikiisikia.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wa sayansi alitaka kila mmoja alete viazi vitamu viwili, vimemenywa na kuchimbwa shimo juu. Tungetia sukari shimoni, tuvikalishe kwenye sahani ya maji, kisha tuone maji yakipenya kiazi kuifuata sukari. Ambaye kazi yake ingempendeza Mwalimu angeenda mjini Kakamega kwa mashindano. Nafasi ile niliitaka kufa kupona! Nilitayarisha vyangu jioni, nikaviacha mezani kwa maringo.

Sasa, kwetu kiazi chenye shimo ni kile kilichoingia funza, mtu akakata palipooza. Hicho hupikwa mapema kabla hakijaharibika chote. Nilipoamka, kimoja kilikuwa kinatokota. Kingine kilipona kwa kuwa hakikuenea sufuriani.

"Kukhu! Umenimaliza!"

"Nimekumaliza na nini? Si hiyo ni ya funza? Hiyo tunakulanga na chai," akasema, macho yamemtoka. Aliponielewa alikiopoa haraka, akakipuliza, akakifunga kwa jani la mgomba. "Peleka tu hivyo. Pengine itakubali."

Darasani walinicheka mpaka wakashika mbavu. Nikatia sukari kwenye vyote viwili, nimenuna. Baada ya michezo tukakimbilia sahani zetu. Lo! Shimo la kiazi kibichi lilikuwa limejaa maji pomoni! La kile cha Kukhu lilikuwa na unyevunyevu tu. Nikataka kukificha, Mwalimu akanishika mkono.

"Wacha hapo! Nani ataniambia kwa nini hiki kimekataa?"

Wenzangu wakainamia sahani zao. Mimi nikaropoka, "Moto umefunga milango, Mwalimu! Maji yamekosa pa kupitia!"

Alinitazama, akatabasamu. "Wewe ndiye utaenda mjini. Beba kibichi na cha kuchemsha." Weee! Nilikimbia hadi nyumbani nikipiga vigelegele barabarani, boda boda wakinipisha.

Miaka baadaye, chuoni, nilijifunza kwamba kila seli ya kiazi imezungukwa na utando mwembamba ulio hai, unaopitisha maji na kuizuia sukari. Moto haukuufunga utando ule. Uliupasua! Sukari ikatorokea sahanini, na maji hayakuwa na cha kufuata tena ndani. Niliruka kitini kwa furaha, nikampigia Kukhu simu papo hapo.

"Kwa hivyo ulienda mjini na jibu ya uongo?"

"Ndiyo, Kukhu!"

"Na unafurahia nini?"

Nilicheka. Utotoni niliamini nimechaguliwa kwa sababu nilijua. Kumbe Mwalimu alijua fika nimekosea, akanipeleka vivyo hivyo, kwa sababu katika darasa zima mimi peke yangu nilithubutu kujibu.