Mafuta ya Alizeti Kwenye Manyoya ya Paka

Binti yangu alipokwenda kuanza chuo Dodoma, alituachia mtoto wa paka mwenye manyoya marefu kupita mahitaji yake. Alimwacha kwa sharti moja: nisikubali bibi yake amnyoe. Mama yangu, ninayeishi naye hapa Mwankoko, alikuwa ameshasema mbele yetu sote kwamba mnyama wa namna ile hunyolewa kama kondoo na mambo yakaisha. Nikaapa kwamba binti akirudi likizo atayakuta manyoya yote mahali pake. Mtu mwenye kipara huapa kirahisi mambo ya nywele.

Ulikuwa msimu wa kupiga alizeti. Uani tulitandaza turubai, tukapiga na kupepeta, na paka akachagua kulala katikati ya makapi. Baada ya wiki tatu alikuwa na mafundo nyuma ya masikio na makwapani. Nilinunua kitana sokoni, nikamkamata, nikakizamisha mgongoni na kuvuta. Aliniuma kidole gumba, akajificha nyuma ya magunia ya mahindi, na tangu siku hiyo akikiona kitana anaondoka kabla sijamkaribia.

Ndipo nikapata wazo. Nimekulia Singida. Hapa mafuta ya alizeti tunakaangia, tunapaka miguu wakati wa kipupwe, tunalainishia bawaba za mlango, na mama zetu waliwapaka dada zetu kichwani kabla ya kuwachana. Sikuona kwa nini paka awe tofauti. Nilimvizia amelala, nikammiminia nusu kikombe. Kwa muda mfupi aling'aa sana. Kisha aliniponyoka, akaenda kugaagaa kwenye makapi na vumbi, akarudi amefanana na andazi lililoanguka njiani.

Mama alimtazama, akanitazama mimi.

"Sasa hata mkasi utateleza," alisema.

Jioni ile binti alipiga simu kwamba angefika Jumamosi ya wiki inayofuata. Aliuliza habari za paka kabla ya kuuliza zangu. Nikajibu kwamba anang'aa. Mama, aliyesikia yote, alichukua mkasi wa kukatia magunia akauweka dirishani, mahali ambapo ningeuona kila nikipita.

Nilimwomba anipe siku chache. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuanza kuchana kwenye shina badala ya ncha. Nikakiri kwamba chuo kikuu hatukufikia somo hilo. Akaguna, akaniagiza maji ya uvuguvugu na sabuni. Tulimwosha paka tukiwa wawili, tukalowa watatu.

Kesho yake, manyoya yalipokauka, Mama aliketi kwenye kigoda, akatandika mkeka mbele yake, akamweka paka katikati ya magoti, mgongo umemwelekea yeye, kama alivyowakalisha dada zangu wakati wa kuwasuka. Nikampa kitana. Hakukitumia. Alikilaza mkekani paka akakinusa, akampapasa mashavu kwa mkono, akampa dagaa mmoja, akamwachia. Nikauliza kama ndiyo imekwisha.

"Mtoto wa kusukwa ukimkalisha mpaka alie, kesho humpati," alisema. "Mwache kabla hajachoka."

Siku ya pili alimchana chini ya kidevu mara tatu tu. Siku ya tatu shingo, siku ya nne mgongo. Mafundo aliyashika kwenye shina kwa vidole viwili ili ngozi isivutwe, akayafungua kuanzia nchani, huku akimsemesha Kinyaturu kwa sauti ileile ya enzi za dada zangu. Vitisho kadhaa nilivitambua. Paka alianza kukoroma. Kazi yangu ilikuwa kushika bakuli la dagaa, na nilipewa onyo mara mbili kwa kuchelewa.

Ijumaa lilibaki fundo moja la kwapani, gumu kama punje ya mahindi. Mama alihangaika nalo, akaacha, akanyoosha mkono dirishani. Alipitisha kidole kati ya fundo na ngozi, akakata hilo tu, akaurudisha mkasi.

"Hili usimwambie mwanao," alisema.

Binti alifika Jumamosi mchana, nywele zake zimetimka kwa mitihani na safari. Alituamkia shikamoo mmoja mmoja, lakini macho yalikuwa yanatafuta paka. Paka alikuwa mlangoni, mweupe, amefura kama pamba. Binti alimbeba, akampulizia manyoya, akachunguza masikio, tumbo, akafika kwapani. Nikatazama dari. Akaniambia, "Baba, sikutegemea." Niliipokea sifa hiyo bila aibu yoyote.

Mama alikuwa ameshaketi kwenye kigoda na kitana mkononi. Binti alipomwona, alishika nywele zake, akasogea kwenda kukaa mkekani. Lakini paka alichomoka mikononi mwake, akatangulia, akageuza mgongo na kukaa katikati ya magoti ya Mama.

"Kaa pembeni, mjukuu wangu," Mama alisema. "Mwenzio kawahi."

Nikaenda kuchukua dagaa.